Wachezaji wa vita vya mezani tupo humu? Naomba mwongozo wa kuanzia

Mpakarangi_Dom ameandika:

Wakuu habari za muda huu.

Moja kwa moja kwenye mada. Mimi ni mtu wa ofisini, nipo Dodoma, umri thelathini na kitu. Tangu mwaka jana nimenasa kwenye video za watu wanaocheza vita mezani, ile ya vijisanamu vilivyopakwa rangi. Wanapima hatua kwa futikamba, wanarusha dadu, wanabishana, wanacheka. Zaidi nimeangalia Warhammer 40,000. Sijawahi kushika hata kijisanamu kimoja mkononi, lakini najua majina ya majeshi yote kuliko majina ya majirani zangu.

Nimetenga laki mbili na nusu. Maswali yangu: ninunue boksi gani la kuanzia? Rangi na burashi zinapatikana wapi bila kuagiza nje? Na kubwa kuliko yote, nacheza na nani? Mtaani kwetu watu wanacheza drafti na karata, basi.

Mwenye uzoefu anisaidie. Wa kejeli nao karibuni, ila msiuharibu uzi.

---

Bingwa wa Kijiwe ameandika:

Mkuu laki mbili na nusu unaenda kununua midoli? Hiyo ni mifuko kumi na ushee ya saruji. Shemeji anajua?

---

FutiKamba ameandika:

Bingwa, usimtishe mwenzako. Hiyo midoli jeshi la Prussia lilianza kuifundishia maofisa wake mwaka 1824, vipande vinahamishwa juu ya ramani na mwamuzi kakaa pembeni anaamua nani kafa. Na H. G. Wells, yule mwandishi wa riwaya, mwaka 1913 alichapisha kanuni zake za kupigana sakafuni kwa askari wa kuchezea na mizinga midogo ya springi inayorusha kweli. Alikuwa baba wa watu mwenye miaka arobaini na kitu, na bei ya saruji nadhani alikuwa anaijua.

Mpakarangi, karibu sana. Mimi nipo Tanga, kazi yangu ni kutengeneza kompyuta na printa. Mchezo huu niliukuta Nottingham, Uingereza, nilipokuwa masomoni. Huko ndiko yaliko makao makuu ya Games Workshop, wenye Warhammer yao, na ukizunguka mji ule utakuta kampuni nyingine kadhaa za vijisanamu zimejazana. Tulikuwa tunakutana jioni katikati ya wiki kwenye ukumbi wa kanisa: meza za kukunja, chai isiyo na tangawizi wala iliki, wastaafu wawili waliokuwa wakigombania vita vya Napoleon kama vimepiganwa juzi, na sisi wanafunzi. Ushauri wangu wote umetoka kwenye ukumbi ule na kwenye baraza ya nyumbani kwangu hapa Chumbageni, kwa hiyo upokee hivyo.

Swali lako la mwisho ndilo la kwanza. Tafuta mtu. Ukishampata mtu, mchague mchezo wenu, na vijisanamu vije mwishoni kabisa. Ukinunua boksi leo bila kuwa na wa kucheza naye, utapaka vijisanamu vitano, utavipiga picha, halafu boksi litakaa juu ya kabati mpaka panya walijue.

Na mtu huyo usimtafute mtandaoni. Yupo kwenye drafti. Mtu anayeweza kukaa juani saa tatu akilinda kete moja isiliwe, huyo tayari ana ugonjwa wetu, bado tu hajapewa dawa yake. Mimi mpinzani wangu mkubwa ni mzee wa mtaani kwetu, mchezaji wa bao wa kuogopwa. Nikamwekea mchezo mdogo unaitwa DBA. Huu umetoka mwaka 1990 na ni wa vita vya kale, kuanzia Mafarao mpaka karne ya kumi na tano. Kila upande una vikosi kumi na viwili tu, basi. Kila kikosi ni kibao kimoja, mara nyingi chenye askari wawili, watatu au wanne waliogandishwa juu yake. Uwanja, ukitumia vijisanamu vya milimita 15, ni sentimita 60 kwa 60, unaenea juu ya stuli ya sebuleni. Mechi inaisha ndani ya saa moja.

Sasa utamu wake. Kila zamu unarusha dadu moja, na namba utakayoipata ndiyo idadi ya amri ulizonazo. Ukipata sita, wewe ni jenerali. Ukipata moja, una amri moja, na vikosi vingine vinabaki palepale vinakutazama. Mzee wa watu alikuwa na mpango mzuri: farasi wazunguke kulia, wapiga mishale wapande kilima, mikuki isonge katikati. Akarusha, ikatoka moja. Akaitazama ile dadu, akanitazama mimi. "Yaani jeshi zima limelala?" Kwenye bao hakuna bahati nasibu, kila kete ipo mbele ya macho yako, na yeye dadu aliiona ni kitu cha wahuni. Zamu mbili zilizofuata alinung'unika tu. Ya tatu akagundua kitu ambacho mimi mwenyewe nilielekezwa na watu: vikosi vikipangwa bega kwa bega, amri moja inavisogeza vyote kwa pamoja. Akaacha ujanja ujanja, akapanga mstari wake ukanyooka, akaja nao taratibu. Nilipigwa.

Mapigano yenyewe ni mepesi. Kila mmoja anarusha dadu, anajumlisha nguvu ya kikosi chake. Aliyepungua anasukumwa nyuma. Aliyepata nusu ya mwenzake au chini yake, kwa kawaida kikosi kimeangamia. Na ukisukumwa nyuma wakati adui amekuziba mgongo, umekwenda na maji. Kwa hiyo mchezo mzima ni kutafuta jinsi ya kumziba mtu mgongo huku amri hazitoshi. Ukipoteza vikosi vinne kabla ya mwenzako, kwa kawaida mechi imeisha.

Warhammer 40,000 siichukii, nimeicheza, na vijisanamu vyake ni kazi ya sanaa. Ila hesabu iangalie mapema. Boksi la kuanzia jeshi moja linafika karibu pauni 100, yaani zaidi ya laki tatu za kwetu kabla hujalipia usafiri wala ushuru. Na hilo ni jeshi dogo, bado mechi kubwa za pointi 2,000. Toleo la kanuni nalo hubadilika kila miaka mitatu hivi: 2017, 2020, 2023. Uingereza mtu anaingia dukani Jumamosi anakuta wapinzani kumi. Wewe Dodoma utakuwa na jeshi la laki saba na hakuna wa kulipiga. Kama moyo wako uko kwenye mambo ya anga na mazimwi, tafuta kanuni za OnePageRules. Toleo lao la msingi linapakuliwa bure, kurasa chache, na unatumia kijisanamu chochote ulichonacho, cha kampuni yoyote, hata cha karatasi.

Ndiyo, karatasi. Hapo ndipo laki mbili na nusu yako inapogeuka kuwa nyingi. Zipo picha za askari, mbele na nyuma, za bure na za kununua kwa bei ya soda. Unazichapa kwenye manila pale steshenari, unakunja katikati, unapaka gundi ya mbao iliyotiwa maji kidogo, unabana chini ya kitabu kizito usiku kucha. Asubuhi unakata kwa wembe, ukiacha ukingo mwembamba mweupe kuzunguka mwili mzima, usijaribu kufuata kila kidole. Halafu chukua kalamu nyeusi ya rangi nzito uuchore ule ukingo. Hilo jambo dogo ndilo linalomtoa askari kwenye karatasi akaonekana amesimama. Chini gundisha washa ya chuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kile kiduara chenye tundu kinachowekwa chini ya nati. Inampa uzito, upepo wa feni haumwangushi, na ukiweka sumaku bapa ndani ya kopo la biskuti, jeshi lako lote linasafiri kwenye bodaboda bila kulala chini.

Kuhusu rangi: akriliki za tyubu za wanafunzi zinatosha kwa kuanzia, usidanganywe. Zinakuwa nzito tu, kwa hiyo punguza kwa maji na upake mara mbili nyembamba badala ya mara moja nene, la sivyo sura ya askari inazama. Ukimaliza rangi kuu, chukua kahawia iliyotiwa maji mengi, ipite juu ya kila kitu, iingie kwenye mikunjo ya nguo na chini ya kofia. Ikikauka, burashi karibu kavu yenye rangi iliyopauka kidogo ipite juu juu kwenye vichwa na mabega. Ukikaa mkono mmoja mbali, utashangaa ni wewe uliyepaka. Burashi ndiyo usibanie. Nunua moja nzuri yenye ncha, usiiache imesimama ndani ya kikombe cha maji. Na vanishi ya kupuliza, nyie wa Dodoma mna bahati. Huku pwani hewa ikiwa na unyevu inaacha ukungu mweupe juu ya kazi yako ya wiki nzima, kwa hiyo mimi napaka kwa burashi.

Vilima ni vitabu chini ya blanketi. Nyasi ni vumbi la mbao la fundi seremala lililokorogwa na rangi ya kijani. Shamba la mahindi ni zulia la mlangoni la makumbi, kata vipande vya mraba, umemaliza.

---

Mwangaza254 ameandika:

Salamu kutoka Nairobi. FutiKamba amesema karibu yote lakini naomba niongeze jambo moja kuhusu printa za 3D, kwa sababu najua huyu ndugu ataanza kuziangalia wiki ijayo. Sisi wote tulipitia hapo.

Kuna aina mbili. Ile ya uzi wa plastiki ni nzuri kwa majumba, kuta na madaraja, lakini kwa askari wa milimita 28 utaona mistari kwenye uso wake kama amevaa nguo ya kufumwa. Ile ya resini, plastiki ya maji inayogandishwa kwa mwanga, inatoa mpaka kope. Shida ni kwamba resini mbichi si ya kuchezea: glavu lazima, dirisha wazi, na usiiweke chumba ambacho mtoto analala. Kijisanamu kikitoka unakiosha kwa alkoholi, halafu unakikausha kwa taa ya UV au kwenye jua, na jua tunalo bure. Stima ikipotea katikati ya kazi, mara nyingi hiyo umeshatupa. Mimi nimeiweka kwenye betri ya akiba.

Kwa hivyo usinunue yako. Tafuta mwenye nayo, lipia kazi kwa kipande. Na faili nunua kwa aliyezichora, si ghali. Wengi ni watu wawili watatu ambao ndio riziki yao.

Mimi nacheza Kill Team, ndugu mdogo wa 40,000, kila upande una watu karibu kumi. Kama ni lazima uwe na Warhammer, anzia hapo. Boksi moja ni timu nzima, na meza ya chakula inatosha.

---

Bi Mkubwa wa Leicester ameandika:

Hamjambo wanangu na wadogo zangu. Mimi sichezi, ila mwanangu wa pili anacheza, na mimi ndiye dereva wake wa Jumamosi. Nimekaa kwenye yale maduka mpaka nimeanza kujua Orki ni nani. Nakubali, tangu aanze kupaka rangi ameacha kugombana na dada yake, na hesabu za kujumlisha na kutoa anazifanya kichwani.

Swali langu ni kwa kaka FutiKamba. Wiki iliyopita nilimkuta mwanangu anaangalia picha za mechi ya Vita Kuu ya Kwanza Afrika Mashariki. Vijisanamu vya askari wetu, wamepakwa vizuri kabisa. Bibi yangu alikuwa akitusimulia baba yake alichukuliwa kubeba mizigo ya vita ile na hakurudi. Mazimwi ya angani sawa, sina neno nayo. Lakini hii ya watu wa kweli kurushiwa dadu, imenikaa vibaya. Wewe huko Tanga vita yenyewe ilipigwa mlangoni kwako. Unaichezaje?

---

FutiKamba ameandika:

Shikamoo Bi Mkubwa. Swali zuri, na mimi naicheza. Nimeitengenezea kanuni zangu mwenyewe. Ngoja nieleze jinsi ninavyoicheza halafu utahukumu.

Vita vya Tanga ni Novemba 1914. Waingereza walikuja na watu karibu 8,000, wengi wao vikosi kutoka India waliokaa melini muda mrefu wakiwa wamebanana na kuumwa na bahari. Upande wa Wajerumani, askari wa Kiafrika na maofisa wao, mwishoni walifika kama 1,000. Mtu akiambiwa namba hizo anadhani mechi imeisha kabla haijaanza. Ndiyo maana nimeipenda.

Natumia vibao vya karatasi, kila kibao ni watu mia. Kwa hiyo Mwingereza anaanza na vibao themanini, mwenzake anaishia na kumi. Meza ni futi sita kwa nne: Ras Kasone upande mmoja ambako walishuka, katikati mashamba ya minazi na mpira, halafu mkato wa reli, halafu mji. Nimepita eneo lote hilo kwa baiskeli nikichora ramani kwenye daftari, na Lettow-Vorbeck mwenyewe, kamanda wa Wajerumani, alizungukia mji kwa baiskeli usiku ule kabla ya mapigano. Mpaka leo ukishuka kutoka Ras Kasone kuja mjini unaelewa kwa nini vikosi vile vilipotezana: unaona watu kumi mbele yako, basi.

Tarehe 2 meli ya kivita, HMS Fox, ilitangulia bandarini kutoa onyo. Baada ya hapo muda mwingi ukapotea wakitafuta mabomu ya majini ambayo hayakuwepo. Muda huohuo treni zinashusha askari kutoka Moshi. Kwenye mechi yangu Mjerumani anaanza na vibao viwili tu mezani. Kila zamu anarusha dadu, ikitoka nne kwenda juu, treni imefika, anapata kibao kingine. Mwingereza naye kila zamu anachagua: asonge na vikosi alivyonavyo ufukweni, au asubiri vingine vishuke. Wachezaji wangu karibu wote husubiri. Wana vibao themanini, wanajiona salama, huku treni zinaingia.

Halafu vikosi vya Mwingereza havilingani, na mwenye navyo hajui. Naviandikia namba ya moyo chini ya washa, nikavigeuza kifudifudi. Anakuja kuijua namba siku kikosi kinapopigwa risasi ya kwanza. Vya Kashmir nimevipa namba kubwa, kwa sababu ni kweli walipenya wakaingia mpaka mjini na kupigana nyumba kwa nyumba. Vingine vilivunjika mapema minazini. Ukimwangalia mtu anageuza washa yake ya kwanza anakuta mbili, uso wake unasema yote.

Askari wa Mjerumani wengi walikuwa na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ya baruti inayotoa moshi. Kwa hiyo kila kibao kikifyatua, naweka kipande cha pamba mbele yake. Pamba ikiwepo, adui anakuona vizuri, anajibu kwa dadu moja zaidi. Mchezaji mzuri anafyatua anahama, anafyatua anahama. Mvivu anabaki ndani ya wingu lake mpaka analiwa.

Na nyuki. Nyuki walikuwepo kweli, mizinga ilikuwa kwenye miti, risasi zikaichokoza. Waliuma wa pande zote mbili, ila Waingereza wengine waliamini ni mtego wa Wajerumani. Mimi nina mizinga sita, vipande vya kijiti cha meno vilivyofungwa uzi kwenye minazi yangu ya waya. Risasi ikipita ndani ya inchi sita za mzinga, rusha dadu. Ikitoka moja, kila kibao kilicho ndani ya inchi nane, chako na changu, kinarudi nyuma mwendo mzima bila kubishana. Mpwa wangu aliwahi kumpoteza jenerali wake mwenyewe kwa nyuki, mzinga wenyewe aliupiga yeye. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Tarehe 5 Waingereza walirudi melini, wakaacha nyuma bunduki, bunduki za rashasha na risasi za mamia ya maelfu. Hivyo kwenye mechi yangu kuna makasha ufukweni. Mwingereza akiamua kuondoka, kila kasha linahitaji kibao cha kulibeba, na kibao kinachobeba hakipigani. Makasha yanayobaki Mjerumani anayachukua kwenda nayo mechi inayofuata.

Sasa Bi Mkubwa, swali lako hasa. Tukimaliza Tanga huwa tunaendelea na mechi za 1917, kule Lindi na Mahiwa. Huko kanuni kubwa kwangu ni wapagazi. Kila upande una vibao vya wapagazi, bila wao huna risasi wala chakula, bunduki zako zinanyamaza zamu ya pili. Kila alfajiri ya mchezo unarusha dadu kwa kila kibao cha wapagazi. Ikitoka moja, kibao kimeondoka. Hakuna adui aliyewapiga. Homa, njaa, mvua. Mwanzoni niliogopa kuiweka kanuni hiyo kwa sababu inachosha, haina ushujaa wowote, unarusha tu na kuondoa, unarusha na kuondoa. Nimeiacha ibaki. Yule mzee wa bao siku ya kwanza alipoifikia alitaka kujua vile vibao ni vya nani, nikamwambia, akaanza kuhesabu vilivyoondoka tofauti na vya askari. Sasa ndiyo kawaida yetu, mwisho wa mechi tunaandika hesabu mbili kwenye daftari, na ya wapagazi karibu kila mara ni kubwa kuliko ile nyingine. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam imesimama tangu 1927, na mimi nilipita mbele yake miaka mingi bila kujiuliza chakula cha yule askari alikibeba nani.

Kama bado inakukaa vibaya sitakulaumu. Wapo wachezaji makini kabisa ambao hawagusi vita vya baada ya 1900, wanabaki na Warumi wao. Kwa kijana wako, mwache aulize mwenyewe. Akitaka zile kanuni za wapagazi nitazichapa vizuri nizitume.

---

Bi Mkubwa wa Leicester ameandika:

Marahaba kaka. Zitume. Nataka kuzisoma mimi kwanza kabla yake.

---

Bingwa wa Kijiwe ameandika:

Mimi hapo kwenye jenerali kukimbizwa na nyuki wake mwenyewe nimeelewa. Ila bado naona ile dadu ya amri ni dhuluma. Mtu una akili zako timamu, unapangiwa na kipande cha plastiki usogeze nani?

---

FutiKamba ameandika:

Bingwa, wewe umeshawahi kuwapa mafundi watano kazi moja asubuhi, ukarudi jioni ukakuta wangapi wameifanya? Hiyo ndiyo dadu ya amri.

---

Mpakarangi_Dom ameandika:

Wakuu nashukuru sana, uzi umenifungua macho. Mrejesho: boksi nimeliacha kwanza. Jana nilipita kijiweni na picha kwenye simu, mchezaji mmoja wa drafti, jamaa wa fremu ya vipuri, akasema kama haichukui zaidi ya saa moja yupo. Nimeshachapa vikosi ishirini na vinne, Kush (ule ufalme wa kale wa Sudan) dhidi ya Misri. Manila ya steshenari ya hapa ni nyembamba, zinajikunja. Na washa wameniuliza saizi gani, nikabaki nimeduwaa. Vibao vya DBA si vya mraba?

---

FutiKamba ameandika:

Safi sana, Kush ni chaguo zuri, wana mishale ya kutosha.

Manila ikiwa nyembamba, weka karatasi ya tatu katikati ya zile kurasa mbili kabla ya kugundisha, na bana usiku mbili. Gundi isiwe ya maji mno, hiyo ndiyo inayozikunja.

Vibao vya DBA vina upande wa mbele wa milimita 40 kwa vijisanamu vya 15, na kina chake kinategemea aina ya kikosi, kwa hiyo hapo washa haitumiki juu. Kata vibao kwenye kadibodi ngumu ya jalada la daftari kubwa, na washa iende chini, mbili kwa kila kibao, za kipenyo kisichozidi kina cha kibao chenyewe. Ukienda kwenye michezo ya askari mmoja mmoja ndipo uchukue ya milimita 25, tundu lizibe kwa duara la manila kabla ya kusimamisha mtu wako, la sivyo atatumbukia.

Jamaa wa vipuri mwachie achague jeshi yeye. Na mechi ya kwanza msiweke vilima wala mto, chezeni uwanja mtupu mzoee amri. Picha uziweke humu.